Risala ya Askari wa Wanyamapori wa Vijiji Kuhusu Kubeba Silaha Doriani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,


Leo ni tarehe 31 Julai, siku ambayo duniani kote askari wa wanyamapori huwakumbuka wenzao waliokufa wakiwa kazini. Risala za sherehe huanza na mafanikio. Tumekubaliana kwamba ya leo ianze na jambo linalotuumiza: tunatumwa porini kulinda tembo dhidi ya watu wenye bunduki, na sisi wenyewe tunakwenda mikono mitupu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, vijiji vyetu viko katika ushoroba wa Selous na Niassa, nchi ya miombo inayoanzia Selous, ikapita Namtumbo na Tunduru hadi Mto Ruvuma na ng'ambo yake Msumbiji. Tembo wanapita njia hii tangu enzi za mababu. Vijiji vilikubali kutenga sehemu ya ardhi yao iwe hifadhi ya jumuiya, vikachagua vijana wao, na wengi wetu tukapelekwa chuo cha Likuyu Sekamaganga, hapa hapa mkoani Ruvuma, kujifunza doria, kusoma nyayo, kumkamata mtuhumiwa na kutunza ushahidi. Hatukuajiriwa na serikali. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2020 yalipounda Jeshi la Uhifadhi, yakawakusanya chini ya nidhamu moja askari wa hifadhi za taifa, wa mapori ya akiba, wa Ngorongoro na wa misitu, sisi tulibaki nje. Hata hivyo anayeziona kwanza nyayo za jangili zikitoka mtoni ni askari wa kijiji, na anayegongewa mlango usiku tembo wakiingia shambani ni huyo huyo.

Mnajua yaliyotupata. Sensa ya mwaka 2009 ilikuta Tanzania ina tembo zaidi ya 109,000. Ya mwaka 2014 ilikuta wapatao 43,000. Selous peke yake ilishuka kutoka karibu 39,000 mwaka 2009 hadi takriban 13,000 mwaka 2013. Mauaji ya kiasi hicho hayakufanywa na mtu mwenye mtego wa waya. Walikuja watu na bunduki nzito za kuwindia, .375 na .458, wengine na SMG za kivita, wakiwa na wapagazi wa kubeba pembe na chakula cha kuwatosha siku nyingi porini. Doria yetu ni watu sita wenye panga, tochi na simu. Mlio wa bunduki ukisikika, kazi yetu ni kulala chini, kuhesabu milio, kukadiria umbali, kisha kurudi nyuma hadi kwenye kilima chenye mtandao. Tukishapiga simu kuomba kikosi chenye silaha, mara nyingine swali la kwanza tunaloulizwa ni kama jumuiya ina fedha ya mafuta ya gari. Kikosi kikifika, majivu ya kambi yameshapoa.

Tunasema haya kwa uchungu kwa sababu majangili nao wanatujua. Wanajua doria ipi ina bunduki na ipi haina. Bunduki mbili tatu kuukuu zilizopo kwenye baadhi ya jumuiya hazitoshi hata kubadilishana zamu.

Wapo ndugu zetu, hata katika mkutano huu, wanaosema bunduki zikikabidhiwa kijijini zitaleta vilio. Hatuwapuuzi, maana wana ushahidi. Operesheni Tokomeza ilianza Oktoba 2013 kwa nia ya kuwakamata majangili, na haikumaliza mwezi mmoja kabla ya kusitishwa. Kamati ya Bunge ilieleza watu waliouawa, waliopigwa na kudhalilishwa, mifugo iliyopigwa risasi, na Desemba mwaka huo mawaziri 4 wakaondolewa. Walioumia wengi walikuwa wanakijiji na wafugaji, watu wa aina yetu. Mwenye kovu la siku zile akimwona kijana wa jirani yake amevaa bunduki begani, ana haki ya kuuliza: hii ni ya kumlenga nani?

Swali hilo tumelijadili sana kuliko yote, na jibu letu ni hili. Porini tunakutana na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni jirani yetu, pengine shemeji au mtoto wa mjomba, aliyetega waya apate kitoweo au nyama ya kuuza kilo chache. Tunamfahamu, tunajua nyumba yake, na akikimbia leo tutamkuta kesho kwake pamoja na mwenyekiti wa kitongoji. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inamhukumu, na mahakama ipo. Hakuna swala wala nyati anayestahili kulipiwa kwa uhai wa mtu huyu. Wa pili ni kundi lililovuka mto na silaha, ambalo likituona halikimbii, linafyatua. Bunduki tunayoiomba ni kwa ajili ya kundi la pili, na tunataka sheria iseme hivyo kwa maneno ambayo bibi asiyejua kusoma atayaelewa akisomewa. Tukipewa silaha bila mpaka huo, tutawapoteza wanakijiji, na bila taarifa zao hakuna doria inayokamata chochote.

Kuna na tembo mwenyewe. Ujangili umepungua, tembo wameanza kurudi, nalo ni jambo jema. Wanarudi kwenye mahindi, mpunga na mihogo. Wakulima wanatupigia usiku wa manane wakitaka tembo apigwe risasi, na tusipompiga tunaambiwa tunawapenda wanyama kuliko watu. Tunawajibu hapa hadharani: bunduki haitamaliza uharibifu wa mazao. Tembo aliyejeruhiwa na marisau ya shotgani kwa kawaida hafi, anabaki na maumivu na hasira, na atakayekutana naye baadaye ni mama anayekwenda kuteka maji. Kufukuza tembo kunataka watu waliojipanga, tochi zenye mwanga mkali, honi, pilipili na fataki, na kunataka mashamba yasifunge njia yao. Bunduki nzito hapo ina kazi moja: iwe mikononi mwa mtu mmoja aliyefundwa, nyuma ya wenzake, kwa dakika ile ambayo tembo amegeuka na hakuna pa kukimbilia.

Vilevile hatudanganyiki kwamba silaha ni kinga kamili. Tarehe 24 Aprili 2020, katika hifadhi ya Virunga nchini Kongo, askari 12 wa hifadhi, dereva mmoja na raia 4 waliuawa kwa kuviziwa. Walinzi wa Virunga wana bunduki na mafunzo ya kijeshi. Kwa hiyo anayetaka kutupa bunduki bila redio, bila huduma ya kwanza na bila gari la kuja kutuchukua, afadhali asitupe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya kusema hayo, yafuatayo ndiyo madai yetu, na tunaomba uyafikishe wizarani kama yalivyo.

Tunataka kila doria inayotumwa kwenye maeneo ya majangili wenye silaha iwe na askari wawili wenye bunduki, waliochujwa na mkutano mkuu wa kijiji pamoja na polisi, wakafunzwa kwenye chuo kinachotambulika, kama kile cha Pasiansi, na wakapimwa upya kila mwaka. Askari wengine wa doria waendelee bila silaha. Si kila mmoja wetu anafaa kuibeba, na sisi wenyewe tunawajua wasiofaa. Umiliki uwe wa jumuiya kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Bunduki ilale kwenye ghala lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja ukiwa kwa polisi, na risasi ziandikwe kwenye daftari zinapotoka na zinaporudi. Ikikosekana risasi moja isiyo na maelezo, doria isimame hadi maelezo yapatikane. Tunajua hofu ya silaha za ulinzi kukodishwa kwa majangili. Mwenye kukodisha achukuliwe kama jangili na asipewe udhamini wa undugu.

Tunataka kanuni ya matumizi iandikwe kwa Kiswahili chepesi na isomwe kwenye mkutano wa kila kijiji: askari hafyatui kumlenga mtu anayekimbia, wala mwenye mtego, panga au baiskeli ya nyama, anafyatua tu pale uhai wake au wa mwingine uko hatarini na hakuna njia nyingine. Kila mlio utolewe taarifa ndani ya saa 24, na akiumia mtu, uchunguzi ufanywe na watu wasio wakubwa wetu wa kazi, familia ya aliyeumia ikiwepo.

Redio za mawasiliano zije kabla ya bunduki. Katika hilo hatuna mjadala.

Tena tunataka mikataba ya maandishi. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta machozi cha shilingi milioni 1 kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama hatari. Hicho ni kifuta machozi, hakilingani na fidia ya mtu aliyetumwa kazini. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi umekuwepo tangu mwaka 2015, lakini asiye na mkataba hana anachoweza kuuonyesha. Posho zinazochelewa tumezisema miaka iliyopita. Tunazitaja tena tu zisije zikasahaulika.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba jibu kabla ya mvua za kwanza, maana mazao yakishakomaa tutakuwa usiku kucha mashambani na hatutapata tena nafasi ya kukaa kikao. Likiwa ndiyo, tuanze na kijiji kimoja, mwaka mmoja, na mje mkague daftari. Likiwa hapana, tunaomba hapana hiyo iandikwe, na chini yake iandikwe pia kwamba askari wa kijiji asitumwe tena kufuata nyayo za watu wenye bunduki.



Askari wa Wanyamapori wa Vijiji