Matembezi Mafupi Msituni

Sisi watu wa Kisangani twakaa katikati ya msitu mkubwa, lakini watoto wetu wengi huuona msitu huo ukija mjini juu ya baiskeli, umefungwa katika magunia ya makaa. Mtoto asiyewahi kusimama chini ya miti yenyewe, hata akiwa mtu mzima hataona uchungu siku miti hiyo ikiisha. Kwa hiyo leo twataka kuwashauri wazazi na walimu namna ya kupanga matembezi ya asubuhi moja, mepesi na yasiyo na gharama kubwa.

Kwanza, mahali. Wengi hutaja Yangambi, ambayo UNESCO iliitambua kuwa hifadhi mwaka 1976. Ni mahali pazuri sana, lakini ni mwendo wa kilomita 100 hivi kutoka mjini. Haifai kwa asubuhi moja. Kisiwa cha Mbiye ki karibu, lakini chakaa mtoni juu ya maporomoko ya Wagenia, na kukifikia ni kwa mtumbwi. Mwenye watoto wadogo aangalie hilo vema. Sisi twachagua Masako. Msitu huo u kilomita 14 hivi kaskazini-mashariki ya mji, kwa njia ya zamani ya Buta, karibu na mto Tshopo. Ulifanywa hifadhi mwaka 1953, nao una hekta zaidi ya 2,000. Walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani wamefanya masomo yao humo kwa miaka mingi.

Pili, kipimo. Matembezi hupimwa kwa miguu ya aliye mdogo kuliko wote. Mtoto wa miaka sita, katika njia yenye mizizi na matope, akisimama kutazama kila kitu, kwa kawaida hapiti kilomita mbili katika saa moja. Basi hesabuni muda, msihesabu umbali: saa moja ya kwenda, saa moja ya kurudi. Saa ya kwanza ikitimia, geukeni, hata kama mmeambiwa kwamba mbele kuna kitu kizuri zaidi. Mtoto aliyerudi nyumbani na nguvu kidogo atataka kwenda tena. Aliyebebwa mgongoni akilia hatataka.

Tatu, wakati. Kwetu mvua hunyesha kila mwezi, ila hupungua Januari na Februari, na tena katikati ya mwaka. Ingieni msituni asubuhi, kwa maana mvua kubwa mara nyingi huja baada ya adhuhuri. Upepo wa dhoruba ukianza, msikawie chini ya miti mikubwa, maana matawi makavu huanguka.

Nne, adabu na afya. Kabla ya kuingia, msalimuni mkubwa wa kijiji, mwombe mtu wa kuwaongoza, na mpatane malipo mapema. Yeye azijua njia na mitego. Kila mtu avae nguo ya mikono mirefu na viatu vilivyofunika vidole. Inzi weusi wadogo wanaozaliana kwenye maji ya kasi huuma mchana, nao ndio wanaoeneza upofu wa mtoni. Mkikuta siafu, rukeni mstari wao bila kusimama. Chukueni maji yaliyochemshwa. Mnyama aliyekufa asiguswe na mtu yeyote, kwa sababu ya magonjwa.

Tano, mambo ya kutazama. Waonyesheni watoto kwanza mashamba ya zamani. Hapo huota mti wa parasolier, wenye majani mapana kama mwavuli. Hukua upesi, na maisha yake si marefu. Karibu na ardhi yenye unyevu tafuteni majani ya mangungu, yale yale ambayo mama zetu hufungia chakula. Nyamazeni kidogo: pengine mtasikia mabawa ya hondohondo yakivuma juu ya miti kabla hamjamwona.

Kisha nendeni penye limbali. Hapo watoto watatambua badiliko wenyewe. Giza laongezeka, vichaka vyapungua, na majani makavu yamelala chini kama mkeka mnene. Waokote mbegu ya limbali, waipime mkononi, kisha wairudishe. Ni kubwa na nzito. Haichukuliwi na upepo, huanguka karibu na mti mama. Kwa sababu hiyo msitu wa limbali huenea polepole mno. Mtu akiukata na kuchoma makaa, parasolier hurudi katika miaka michache, na mpita njia husema, “Msitu umerudi.” Lakini limbali haijarudi, wala mtoto wa leo hataiona ikirudi.

Hatusemi kwamba anayechoma makaa ni mtu mbaya. Naye ana watoto wa kulisha, na sisi sote twapikia makaa yake. Twasema tu kwamba wale watakaoamua mambo ya msitu huu kesho wako shuleni leo, na yafaa waujue kabla ya kuamua.

Basi, wazazi na walimu, chagueni siku mapema, ulizeni habari za njia, hesabuni watoto wakati wa kuingia, mwahesabu tena wakati wa kutoka. Mkisharudi, kila mtoto ataje vitu vitatu alivyoviona, kwa majina yake, katika lugha ya nyumbani kwao.