Mtaji Sio Bima

Dada zangu tunaouza mtandaoni, leo tuongelee kitu tunachokikwepa. Sisi hatuna bosi wa kutukatia bima. Ukiumwa, unajitibu na mtaji.

Mwaka jana niliumwa tumbo la chini wiki tatu. Nilikuwa na laki tatu ya mzigo wa madera, nikaogopa kuigusa. Nikawa nameza panadol tu. Kumbe ni maambukizi kwenye kizazi. Nilipofika hospitali yameshasambaa, laki tatu yote ikaisha na deni juu. Ningewahi, ningetumia kidogo.

Mimi naona matibabu ni gharama ya biashara, kama bando na bodaboda. Tenga 500 kwenye kila mzigo unaotoka. Mizigo 40 kwa mwezi ni 20,000, kwa mwaka 240,000. Ikitosha kukata bima, kata.

Na sio kila kitu kinasubiri hela. Uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi vituo vingi vya serikali ni bure. Wanapaka siki, dakika chache umemaliza. Umefika miaka 30? Nenda.

Funga duka siku moja ukapime, mteja atasubiri. Wewe ukiumwa leo, hela unatoa wapi?