Mtoto aliyelazwa hospitalini apimwe pia virusi vya SIDA

Tunapotembelea wagonjwa katika vyumba vya watoto, kuna jambo tunaloliona mara kwa mara. Mtoto analetwa amekonda, miguu imevimba, na watu wanasema ni bwaki. Anapewa maziwa ya tiba, anapata nafuu kidogo, anarudi nyumbani. Baada ya miezi miwili analetwa tena, na sasa kifua kinamsumbua. Kila mara amepimwa malaria. Virusi vya SIDA hakuna aliyevitafuta: mama yake anaimba kwaya, na muuguzi aliona aibu kumuuliza.

Aibu hiyo inagharimu uhai. Watoto wanaozaliwa na virusi wasipopata dawa, karibu nusu yao hufa kabla ya kutimiza miaka 2. Mwaka 2023, duniani kote, watu wazima 77 kwa 100 wenye virusi walikuwa wakipata dawa. Kwa watoto walikuwa 57 tu. Dawa yao ipo, hata kidonge kinachoyeyuka katika maji na chenye ladha ya matunda. Lakini mtoto asiyepimwa hawezi kupewa.

Kwa nini watoto hawa hawajulikani? Wengi wetu tunafikiri kwamba mama akipimwa kwenye CPN na kuonekana mzima, mtoto naye ni salama. Lakini mama anaweza kuambukizwa baadaye, akiwa na mimba bado au akinyonyesha, na virusi vikamfikia mtoto. Tena mama wengi wa kwetu wamejifungulia njiani au kambini wakikimbia vita, bila kupimwa hata mara moja.

Kwa mtoto mchanga kuna ugumu mwingine. Kabla ya miezi 18 damu yake ingali na kinga za mama, kwa hiyo kipimo cha haraka cha watu wazima hakitoshi kuthibitisha. Anahitaji kipimo cha PCR, tangu wiki 4 hadi 6 baada ya kuzaliwa. Matone ya damu hukaushwa kwenye karatasi na kupelekwa maabara ya mbali. Barabara ikifungwa, jibu linachelewa. Mashine za GeneXpert, zinazotumika kupima kifua kikuu, zinaweza kufanya kazi hiyo karibu zaidi, zikipata vifaa vyake.

Kijana naye anaweza kufika miaka 12 au 15 kabla ugonjwa haujaonekana wazi. Hapo wazazi wanaogopa kwamba akipimwa, siri ya nyumba itajulikana. Wengine wanampa dawa wakimwambia ni vitamini. Siku anapogundua ukweli, anaweza kuziacha kwa hasira.

Mwezi wa pili 2023, huko Dar es Salaam, nchi 12 za Afrika, yetu ikiwemo, zilijifunga kumaliza SIDA ya watoto ifikapo 2030. Ahadi hiyo inatugusa, maana hospitali na vituo vingi vya afya mashariki viko mikononi mwa makanisa yetu.

Tunaomba hospitali zetu zimpime kila mtoto na kila kijana anayelazwa, mzazi akiisha kuelezwa na kukubali, kama tunavyopima malaria. Likiwa jambo la wote, hakuna mama atakayeona amenyooshewa kidole. Tunajua vifaa ni vichache, hasa tangu Marekani iliposimamisha misaada yake mwanzoni mwa 2025. Basi tuanze na wenye utapiamlo, wenye kifua kikuu, na wale wanaolazwa tena na tena. Majibu yabaki kati ya muuguzi na jamaa. Mchungaji asiyaulize, wala asiyapeleke mimbarani.

Yairo alikuwa mkubwa wa sinagogi, na binti yake alikuwa na miaka 12. Alianguka miguuni pa Yesu mbele ya umati wote, bila kuhesabu cheo chake. Sisi wachungaji tumehubiri habari hiyo mara nyingi. Sasa tuwe wa kwanza kuwapeleka watoto wetu wenyewe kupimwa, waamini wakituona.