Starlink: jana marufuku, leo ruhusa. Na katikati?

Mwezi wa tatu 2024, ARPTC, mamlaka ya Kinshasa yenye kusimamia posta na telekomu, ilitoa tangazo: kutumia Starlink nchini Kongo ni marufuku, na mwenye kuitumia bila ruhusa ataazibiwa. Mwanzoni mwa mwezi wa tano 2025, mamlaka ileile ikatangaza kwamba Starlink imepewa leseni. Kati ya matangazo hayo mawili kulipita miezi 14.

Kwa mtu wa Kinshasa mwenye simu ya 4G, hiyo ilikuwa habari ya jioni moja. Kwa mkaaji wa Haut-Lomami jambo ni lingine. Kamina mjini rezo iko, hata kama inakatika. Lakini ukielekea Kabongo, Malemba-Nkulu ao ndani ndani ya Bukama, kuna vijiji ambamo mtu anapanda kwanza juu ya kichuguu ndipo apige simu. Raporti ya kituo cha afya inaweza kusafiri kwa moto siku nzima ili ifike mahali kwenye intaneti. Starlink inapokea mawimbi kutoka satelaiti, haingojei kampuni ije kusimamisha mnara. Sahani moja, pano ya jua, betri, na kijiji kinaunganishwa. Ndiyo maana miezi 14 si kitu kidogo huku kwetu.

Juu ya nini ilikatazwa? Sababu mbili zilisikika. Kampuni haikuwa na leseni, na sheria ya telekomu ya tarehe 25 Novemba 2020 inataka kila mwenye kutoa huduma hiyo apate ruhusa. Pia kuna vita: wakuu wa jeshi waliogopa kwamba waasi wangeweza kuitumia. Hakuna mtu mwenye akili atakayecheka woga huo, hasa wakati ndugu zetu wa Kivu wanalala porini. Lakini tuulizane: marufuku ile ilimzuia nani? Mwasi haendi ofisini kuomba karatasi. Anayezuiwa ni yule anayeheshimu sheria: masista wenye hospitali, mkuu wa shule, mchuuzi wa samaki wa Upemba anayetaka kujua bei ya Lubumbashi.

Kulikuwa njia ya katikati. Ruhusa ya majaribio, miezi sita, kwa hospitali na shule chache zilizo mbali na mapigano, kila sahani ikiandikwa kwa jina la mwenye nayo na mahali ilipo. Baada ya miezi sita serikali ingekuwa na majibu mikononi. Mkulima wetu akipewa mbegu mpya ya mahindi, hapandi shamba zima na wala haitupi. Analima kipande, anangoja mvua, anaangalia.

Huko ng'ambo wazo hilo sasa lina vyama vyake. Mwezi wa kumi na moja 2020, nchi 7 zilitia sahihi mkataba wa kusaidiana kutunga kanuni zinazoweza kubadilika upesi teknolojia mpya inapofika: Uingereza, Kanada, Denmaki, Italia, Japani, Singapuri na Falme za Kiarabu. Hakuna hata moja ya Afrika kati ya hizo 7. Hilo linashangaza kidogo, maana mfano unaosimuliwa mara nyingi juu ya kanuni za namna hiyo umetoka hapa Afrika.

Ni Kenya. Mwezi wa tatu 2007, Safaricom ilipoanzisha M-Pesa, hakukuwa sheria yoyote juu ya pesa ndani ya simu. Benki Kuu ya Kenya haikukataza, na haikufumba macho. Ilitoa barua ya kusema haina kipingamizi, pamoja na masharti: feza za wateja ziwekwe pembeni katika benki, kampuni isizile. Mwisho wa 2008 malalamiko yalipozidi, wizara ya feza iliagiza ukaguzi, na huduma ikaendelea. Sheria yenyewe ya malipo ilikuja 2011, kanuni zake 2014. Miaka saba ya kuangalia, kisha kuandika.

Na tusijidharau. Benki Kuu ya Kongo nayo ilitoa agizo juu ya pesa ya elektroniki mwaka 2011, kabla M-Pesa haijaingia nchini mwaka 2012. Leo kwenye kila kona ya Kamina kuna mtu wa kabine chini ya parasoli, anatoa na kupokea pesa. Kazi hiyo ya vijana na wamama wengi ilikuta mlango uko wazi, na mlango una sheria.

Kisha kuna RAM. Nani ameisahau? Mwezi wa tisa 2020, ARPTC ilianza kuandikisha simu zote. Nia iliyotajwa ilikuwa kupigana na wizi na simu za bandia. Lakini malipo yalikatwa moja kwa moja ndani ya inite za mteja: dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo ya 2G, dola 7 kwa simu ya 3G ao 4G. Mtu ananunua inite za kumpigia mgonjwa Likasi, anakuta zimepungua. Vijana wa LUCHA waliandamana, wabunge walimhoji waziri, na mwanzoni mwa 2022 serikali ikaifuta.

Wengine wanasema: tazama, kanuni ilibadilika, basi serikali yetu ni nyumbufu! Hapana. Ilibadilika kwa sababu ya kelele. Kama tangu mwanzo ingeandikwa kwamba baada ya mwaka mmoja itahesabiwa simu ngapi za wizi zimezimwa, na kama hesabu ni sifuri malipo yasimame, pasingehitajika maandamano.

Kanuni isiyoeleweka huko juu inakuwa matrakaseri huku chini, kila mtu wa Katanga anajua. Mwenye sahani ya Starlink ambaye hajui karatasi gani inatakiwa atalipa kila anayebisha hodi na kofia ya huduma fulani. Kodi ya digitali, iliyotolewa tarehe 13 Machi 2023, ina vifungu zaidi ya 300, vyote kwa Kifaransa. Chifu wa Kaniama ataisoma na nani? (Hata sisi wa redio tunaisoma polepole.)

Sasa leseni iko. Kuna maswali ambayo wabunge wa Haut-Lomami, wa Kinshasa na wa hapa Kamina, wanaweza kuuliza kabla sahani hazijajaa. Mwenye kununua anaandikishwa wapi hapa jimboni, na kwa bei gani? Masharti ya leseni yataangaliwa tena tarehe gani, na mkaaji wa Bukama atatoa maoni kwa njia gani? Tena sheria ya 2020 imeweka fuko la kupeleka huduma mahali ambapo kampuni hazioni faida, FDSU kwa kifupi chake. Vijiji vyetu viko mahali hapo kabisa. Fuko hilo linaweza kulipia sahani za majaribio katika vituo vichache vya afya vya Malemba-Nkulu, na baada ya miezi sita waganga wenyewe waje kueleza raporti ngapi zilifika kwa wakati, na betri ngapi zilikufa.