STAA KASEMA SHULE HAINA MPANGO, DOGO WA JIPE KAAMINI

Kuna klipu moja imezunguka sana kwenye makundi ya WhatsApp. Msanii mmoja mkubwa wa Bongo Fleva, jina linahifadhiwa ila wadau mnamjua, kasimama mbele ya wanafunzi kwenye mahafali, miwani meusi usoni saa sita mchana, anawaambia madogo kwamba yeye alipata sifuri, shule haikumsaidia kitu, na leo anaendesha gari ambalo mwalimu wake mkuu halioti hata usingizini. Ukumbi ukalipuka. Walimu nao wakapiga makofi, sijui ilikuwaje hapo, maana wao ndo walikuwa wanatukanwa.

Sawa, ni burudani. Shida ni kwamba klipu haikuishia ukumbini. Ilifika mpaka Jipe.

Kwa asiyepajua, Jipe iko wilaya ya Mwanga, Kilimanjaro, nyuma ya milima ya Pare. Ukitoka Mwanga mjini unakula vumbi la kutosha mpaka ulione ziwa, na ng'ambo ya ziwa ni Kenya. Ziwa lenyewe maji yake yanashuka na mto Lumi kutoka Kilimanjaro, lakini sasa magugu yamelibana mpaka mvuvi anapita na mtumbwi kama anatafuta njia kwenye shamba la mahindi. Viboko wapo. Mamba wapo. Mtandao upo ukipanda sehemu fulani.

Huko kuna dogo mmoja wa miaka kumi na nane, kamaliza kidato cha nne, kapata daraja la nne lenye D nne. Anaishi na bibi yake. Mama yuko Dar anauza chakula. Dogo ana sauti, hilo halina ubishi, kijijini wanamuita kwa jina la staa huyo huyo. Baada ya kuiangalia klipu mara ishirini akaja na mpango: bibi auze mbuzi wawili, yeye apate nauli ya Dar na hela ya studio, atoboe. Bibi alikuwa ameshakubali. Mnunuzi alikuwa ameshakuja kuwaangalia mbuzi meno.

Sasa tuongee ukweli kuhusu staa. Wanaomfuatilia tangu zamani wanajua kwamba alipofika mjini alikaa kwa mjomba miaka kadhaa bila kulipa kodi wala kununua unga. Mjomba huyo huyo alikuwa anafahamiana na mtu wa studio. Hakuna ubaya wowote, wengi wametoboa kwa mjomba. Lakini mbona mjomba hayumo kwenye hotuba? Dogo wa Jipe hana mjomba Dar. Ana mama anayelala chumba kimoja na wenzake wawili. Ukimpa mtoto ramani ya safari yako na ukaificha daraja uliyovukia, hujamshauri. Umejisifia tu mbele yake.

Na hapa ndo anaingia mtu ambaye blogu za mastaa zinamtaja kwa jambo moja tu: afisa ustawi wa jamii. Mjini tunamjua kwa kesi za matunzo. Staa kamkataa mtoto, mzazi mwenzie kampeleka ustawi, picha zinavuja, watu wanakula umbea wiki nzima. Mtaani "nitakupeleka ustawi" ni kitisho kama "nitakupeleka polisi". Kijijini ni hivyo hivyo, pikipiki ya ustawi ikisimama kwenye nyumba yako majirani wanajua kuna mtu kashtakiwa.

Afisa wa huko ni dada wa miaka thelathini na kitu, kazi zake zimesambaa kata kadhaa na usafiri wake mara nyingi ni bodaboda. Siku hiyo hakwenda kwa ajili ya dogo kabisa. Alikwenda nyumba ya jirani, ambako kuna binti wa miaka kumi na tano alikuwa anatafutiwa kazi za ndani na "anti" mmoja aliyetoka mjini na simu mbili na maneno matamu. Huyo anti, kwa taarifa yenu, ndiye mshauri wa ajira mwenye nguvu kuliko wote vijijini. Anakuja na nauli mkononi. Anajua shule zinafunga lini na matokeo yanatoka lini. Hakosi msimu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, lakini isiyomdhuru mtoto wala kumzuia kusoma, na kulala jikoni kwa mtu Dar huku umeacha shule hakuingii hapo hata ukivuta vipi. Afisa alilimaliza hilo kwa nusu siku, kwa kelele kiasi. Anti akaondoka na nauli yake.

Akiwa anasubiri bodaboda imrudie, akamkuta dogo anarekebisha nyavu.

"Shikamoo madam."

"Marahaba mwanangu. Nasikia unahama."

"Naenda Dar kwenye muziki."

Hakucheka, na hakumwambia muziki ni uhuni. Aliuliza maswali tu. Wiki hii umeingia ziwani mara ngapi? Kwa nini upande huu na siyo ule? Nani alikufundisha kuzifunga hizi nyavu? Dogo akaanza kumwaga: upepo unageuka saa ngapi, perege wanajificha wapi magugu yakihama, tundu gani la wavu linamaliza samaki wadogo na kwa nini wazee wanaligombania. Kumbuka kuna aina ya perege ambayo hata jina lake la kisayansi limebeba jina la ziwa hili. Dogo hajui jina la kisayansi, lakini samaki mwenyewe anamjua kuliko wengi walioliandika.

Madam akamuuliza kama amewahi kusikia FETA. Hajawahi. Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, ni wa serikali, una kampasi Mbegani kule Bagamoyo, Nyegezi Mwanza, Kibirizi Kigoma na kwingine. Ngazi ya astashahada unaomba kwa D nne. D nne! Zile zile ambazo dogo alikuwa anazionea aibu mpaka cheti hakukifuata shuleni. Kazaliwa kwenye maji, kasoma miaka minne sekondari, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kumtamkia neno FETA. Gari la staa, hata hivyo, analijua mpaka rangi ya viti.

Wapo watakaosema ushauri wa kazi ni jukumu la mwalimu. Ni kweli, shuleni huwa kuna mwalimu wa ushauri na unasihi. Muulize anafundisha vipindi vingapi vya Biolojia na Kemia juu ya huo unasihi. Halafu mwaka 2024 tahasusi za kidato cha tano zimeongezwa mpaka 65, mtoto anatakiwa achague kwenye mfumo ndani ya muda mfupi, na nyumbani simu janja ni moja ya kaka yake. Hapo mtoto anafuata alichochagua rafiki yake. Tena mwalimu akishakabidhi cheti kamaliza, mtoto si wake tena. Anayemkuta nyumbani, anayejua bibi anakula nini na mama yuko wapi, ni mtu wa ustawi. Sheria hiyo hiyo inaipa halmashauri jukumu la kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto. Kuendeleza, siyo kulinda peke yake. Lile neno la pili linasahaulika kila bajeti ya mafuta ya pikipiki inapokatwa.

Tusiwapambe sana lakini. Wapo maafisa ustawi ambao ushauri wao wote ni "someni kwa bidii", halafu wanasaini posho na kuondoka. Huyo hana tofauti kubwa na staa, ila staa ana miwani. Na hata huyu madam wa Jipe, kama binti wa jirani asingekuwa karibu kusafirishwa, asingefika pale. Dogo kapata bahati kwa sababu jirani kapata tatizo. Hiyo siyo huduma, hiyo ni bahati nasibu. Wangapi wamekosa kwa sababu siku yao hakukuwa na kesi mtaani?

Mastaa nao hawajakatazwa kuongea na watoto. Waongee. Ila mtu mwenye wafuasi milioni kadhaa angeposti tarehe ya mwisho ya kuomba vyuo, hiyo tu, sekunde kumi na tano, ingefika Jipe kwa kasi ile ile iliyofika klipu ya gari. Hakuna kiki humo, ndo maana hawaposti. Na akija tena kwenye mahafali, aje na mjomba.

Dogo alibisha mwanzoni. "Mimi nataka muziki, madam." Akajibiwa, "Imba. Kwani chuo kimekuziba mdomo?" Akamuuliza tena hao mbuzi wawili wakishauzwa na studio ikala hela, bibi atakula nini mwezi wa kumi. Dogo akanyamaza. Bibi, aliyekuwa amekaa kimya mlangoni muda wote, akasema yeye mbuzi alikubali kuwauza kwa sababu hakuna aliyemwambia kuna njia nyingine.

Cheti kimefuatwa shuleni. Maombi yametumwa kwa simu ya madam mwenyewe, wamesimama pale kwenye kilima chenye mtandao. Majibu bado. Mnunuzi wa mbuzi alirudi mara mbili, akaambiwa asubiri. Dogo bado anaingia ziwani alfajiri na jioni anarekodi nyimbo zake kwenye simu ya kuazima. Na staa, juzi hapa, kaposti gari jipya.