Mwenzako wa kazi amekukasirisha? Usimuite «otiste»

Kazini hasira haikosi. Kwenye masomo, kwenye kituo cha afya, dukani ao kwenye shimo la dhahabu hapa Kilembwe, kuna mwenzako anayechelewa, asiyejibu salamu, ama anayerudilia maneno yale yale. Kwa wale wanaozoea Kifaransa, neno moja linaweza kutoka haraka: «Ule ni otiste! Watu wa vile haiwezekane kutumika nao.»

Neno hilo halikuanzia kwetu. Katika Novemba 2009, Pierre Lellouche, aliyekuwa katika serkali ya Ufaransa akishugulikia mambo ya Ulaya, alikasirikia chama cha Conservative cha Uingereza. Aliambia gazeti The Guardian kwamba wanarudilia neno moja tu, akafananisha tabia hiyo na otisme. Ugomvi ulikuwa wa siasa, lakini tusi liliangukia watu ambao hawakuwa hata ndani yake.

Otisme, ao usonji, ni namna ubongo unavyokomaa kwa njia tofauti tangu utoto. Si ugonjwa wa kuambukiza, si kiburi, si uchawi. Inagusa namna mtu anavyozungumza na wengine, na wengi wanasumbuliwa na makelele ama na programu kubadilika gafula. Lakini hawafanane: mmoja hasemi hata neno, mwingine anasema sana na amemaliza masomo ya juu. Kwa hiyo kusema «wote wako vile» ni uongo. Hata kuwasifu kwamba wote wana akili ya ajabu ni uongo vilevile.

Kwetu, salamu ni heshima. Asiyekutazama usoni anahesabiwa kuwa na zarau, na mtu mwenye otisme anaweza kuhukumiwa hivyo bure. Lakini mwenye kupita kimya anaweza pia kuwa na madeni ama mgonjwa nyumbani. Wewe si munganga, usimpime kwa macho.

Hasara iko wapi? Mzazi akisikia neno hilo linatumiwa kama tusi, atamficha mtoto wake. Mkubwa wa kazi naye atamfungia kijana mlango mbele hajamjaribu. Kumbe Congo ilikubali mwaka wa 2015 mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu. Article 8 inaomba nchi zipigane na mawazo mabaya juu yao, na article 27 inazungumzia haki yao ya kazi. Kisha sheria n° 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 ikaja kulinda haki hizo hapa kwetu. Na kwa mtoto anayeshitakiwa uchawi, sheria ya 10 Januari 2009 inaazibu mshitaki: kifungo cha mwaka 1 mpaka miaka 3.

Haimaanishe unyamaze ukikosewa. Sema kosa lenyewe: «Tulipatana saa mbili, umefika saa ine, kazi imesimama.» Hapo mwenzako anajua cha kutengeneza. Na kama ni kweli ana otisme, makosa yake ni yake peke yake, si ya wote. Mpe maagizo wazi, ikiwezekana kwa maandishi, na mjulishe mapema programu ikibadilika. Akikosea tena, mwambie tena, kama unavyoambia wengine.