Picha ya Nani?

Katika Kiswahili, neno dogo "ya" hubeba mzigo mkubwa. Nikisema "picha ya mzee", yawezekana mzee ndiye aliyeichora, au ndiye anayeimiliki, au ndiye aliyechorwa. Sisi wanaisimu tunakiita kiungo hiki A-unganifu, na muktadha ndio uamuao maana. Hata hivyo, zipo picha ambazo kwa zaidi ya miaka 70 zimeelezwa kwa maana mbili za kwanza tu, ile ya tatu ikasahaulika. Nazungumzia picha za watu wa Kenya zilizochorwa na Joy Adamson, ambazo zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi.

Adamson, mzaliwa wa Austria, aliwasili Kenya mwaka 1937. Wengi wanamjua kwa ajili ya simba aitwaye Elsa na kitabu Born Free cha mwaka 1960. Kabla ya umaarufu huo, mwishoni mwa miaka ya 1940, serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuwachora watu wa makabila ya nchi hii wakiwa na mavazi na mapambo yao ya jadi, ambayo ilidhaniwa yangetoweka karibuni. Alizunguka nchi kwa miaka kadhaa, akachora mamia ya watu.

Kwa hiyo historia ya umiliki wa picha hizi si ndefu. Serikali ya mkoloni iliagiza na kulipa. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, taifa likarithi. Leo Makumbusho yanaendeshwa chini ya sheria ya mwaka 2006 kuhusu makumbusho na turathi. Mbele ya hakimu, hapana kesi hapa.

Mgala muue na haki yake mpe. Bila mkono wa mama huyo, tungekosa kumbukumbu nyingi za mavazi, shanga na mitindo ya nywele. Lakini picha nyingi zinajulikana kwa kabila na hadhi tu: msichana wa kabila hili, mzee wa kabila lile. Jina lake mwenyewe halitajwi. Huenda msomaji akasema kwamba zama hizo hazikuwa za kuandika majina ya Waafrika. Sikubaliani naye. Tangu miaka ya 1920, serikali hiyo hiyo ilimlazimisha mwanamume Mwafrika kubeba kipande kilichoandikwa jina lake, kabila lake na mwajiri wake, pamoja na alama za vidole vyake. Majina yaliandikwa ilipotakiwa kazi, yakaachwa ilipotakiwa heshima.

Wakazi wa Kaloleni wanaielewa vyema tofauti ya mwenye na mwenyeji. Nyumba za mtaa huu, zilizojengwa miaka ya 1940, ni mali ya serikali ya jiji, na wapangaji wamepokezana kizazi hadi kizazi bila hatimiliki. Lakini ukiuliza Kaloleni ni ya nani, hutaonyeshwa faili. Utaonyeshwa familia zilizokaa hapo, na ule ukumbi ambamo siasa za uhuru zilinguruma katika miaka ya 1950. Hati hutambua mwenye mali. Haisemi lolote juu ya waliokipa kitu hicho uhai.

Mwaka 1998, nchi 44 zilikutana Washington na kukubaliana kwamba kazi za sanaa zilizoporwa na Wanazi zichunguzwe ili wenyewe au warithi wao wapatikane. Tangu hapo majumba ya sanaa ya Ulaya na Marekani yamezidi kuulizwa: ilikuwa ya nani, ikauzwa lini, kwa nani? Maswali hayo ni ya haki, lakini kwa picha zetu hayatoshi. Sisi tuna swali la ziada: aliyeketi mbele ya mchoraji ni nani?

Sipendekezi picha ziondolewe Makumbusho. Napendekeza nakala zake zipelekwe katika kaunti zote 47, zitundikwe katika kumbi za umma, ukiwemo wa Kaloleni wenye watu wa asili nyingi, na wazee waulizwe. Mjukuu akimtambua bibi yake, jina liandikwe katika daftari la Makumbusho kando ya jina la mchoraji. Kazi hii haihitaji sheria mpya. Inahitaji haraka, kwani wanaoweza kuzitambua sura hizo wanapungua kila mwaka.